Mume wa Mtungini

Biashara huria ilipofika Temeke, wenzetu iliwaletea majokofu na televisheni. Sie ilituletea mbwa mwitu wawili, mke na mume.

Waliingia ndani ya robota la mitumba. Kaka yangu alikuwa anauza makoti Kariakoo, makoti mazito ya baridi, katika jiji ambalo shati tu mtu analibeba begani. Siku moja akafungua robota na katikati ya makoti akakuta boksi la kaseti. Alizileta nyumbani ana tamaa ya muziki. Akaweka ya kwanza, akasikia mzungu anaongea. Akasogeza mbele, mzungu bado anaongea. Akageuza upande wa pili, mzungu hajachoka.

"Hata kinanda hamna," alisema. "Sista, chukua wewe. Wewe ndo unakaaga ndani, utamvumilia."

Kweli nilikuwa nakaa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata matokeo yaliyomsikitisha mwalimu wangu bila kumshangaza, nikarudi nyumbani kukaa. Wenzangu walikaa wakisubiri kazi, au mume. Mie nilikaa tu, na kwa kukaa nilikuwa hodari. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nyumbani tulikuwa baba, shangazi aliyenilea, kaka na mie, pamoja na mpangaji mmoja wa chumba cha uani, fundi cherehani mwenye sauti nzito na maneno machache. Baba alishinda dukani kwake na vipuri vya baiskeli, kaka Kariakoo, shangazi kwenye maulidi na misiba ya watu. Mchana mzima ukumbi ulikuwa wangu na wa yule mzungu.

Kumbe alikuwa anasoma kitabu kizima. Siku hizi watu wanatembea barabarani na vitabu masikioni, hakuna anayewashangaa. Wakati ule sikujua kama kuna nchi ambayo watu wazima husomewa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mke na mume waishio ghorofani katika jiji la baridi, kazi yao kupeleleza mambo yaliyowashinda polisi. Mwezi ukipevuka, wanageuka mbwa mwitu. Kwetu mtu akidhaniwa tu kwamba anageuka paka, majirani wanahama. Wale waligeuka mbwa, na polisi wakawa wanawapigia simu kuomba msaada. Tajiri mmoja alikuwa amekutwa amekufa ndani ya lifti iliyokwama kati ya ghorofa na ghorofa, yuko peke yake, mlango umefungwa. Mie lifti nilikuwa nimeiona mara moja maishani, mjini, imebandikwa karatasi iliyoandikwa MBOVU, kwa hiyo kwamba mtu alifia humo sikushangaa. Nilichotaka kujua ni nani aliyemuua, na kama wale wawili watafika mwisho bado wanapendana.

Tatizo Kiingereza. Cha kwangu kilikuwa cha kuelewa mtu akisema taratibu na akiwa amekusudia nielewe. Mzungu hakuwa na kusudi hilo. Basi nikawa nasikiliza kipande, nasimamisha, natazama kamusi, narudisha nyuma, mpaka kinikae. Halafu natoa kaseti yake, naweka nyingine, nabonyeza vile vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, nakisema kipande kile kwa Kiswahili ili nisije nikakisahau. Nilichoelewa nikakitafsiri, nisichoelewa nikakitunga. Sioni kama mzungu alidhulumika.

Mtu anayeanza kusimulia peke yake chumbani hachelewi kuongeza sauti. Msimulizi nilimpa sauti ya mwalimu wangu wa jiografia. Mke nilimpa ya kwangu, au tuseme ya kwangu ikiwa imeoga na kufukizwa udi. Mume ndiye aliyenitesa. Kila nilipojaribu kunenepesha koo, alitoka kama mbuzi mwenye kikohozi. Siku moja nimeinamia mtungi wa maji ya kunywa, kata mkononi, nikasema humo ndani, "Mke wangu." Mtungi ukanijibu kwa sauti ya mwanamume wa kifua kipana. Niligeuka kutazama nyuma yangu.

Tangu hapo mume akawa anaishi mtungini. Katika kitabu hakuwa mtu wa maneno mengi. Huku Temeke alikuwa nayo tele. Kabla hawajatoka kwenda kazini alikuwa akimwita mkewe amnuse shingo, ili wakipoteana katika jiji aweze kumfuata kwa harufu. Sikumbuki kama hilo lilikuwa la mzungu au la kwangu. Naogopa lilikuwa la kwangu.

Kaka alikuwa na tabia ya kuokota kaseti yoyote iliyo karibu na kurekodi juu yake muziki wa redioni. Ili kuwalinda mbwa wangu, nikaandika juu ya kaseti, kwa herufi kubwa, KASWIDA. Kaka ana heshima zake. Kaswida haifuti. Haisikilizi pia.

Uchunguzi wa lifti ukiwa umenoga, ikaja posa.

Nilikuwa nimefikia umri ambao watu wanakuuliza mambo kwa upole. Posa ilitoka Maskati, kwa watu waliokuwa na asili yao Kawe. Mama wa muoaji walijuana na shangazi tangu usichana wao. Mshenga alikuwa mzee mmoja wa Kinondoni, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Alituletea picha ya mwanamume aliyeegemea gari, na kaka akasema gari hilo ni la mpiga picha. Mie sikuangalia gari. Niliangalia shingo. Nilimtaka. Nalisema wazi ili msomaji aijue mizani ya kupimia yaliyofuata.

Mama mtu akaomba kaseti. Wakati ule watu wa pwani wenye jamaa zao Uarabuni hawakuwa wakiandikiana sana, walitumiana kaseti. Watu wa nyumba wanakusanyika ukumbini, redio inawekwa katikati, kila mmoja anatoa salamu kwa zamu yake, jogoo naye anaingiza zake, kisha kaseti anapewa msafiri. Huko inakofika wanaitana vivyo hivyo, maana kila mtu huenda katajwa. Mama huyo alisema haolewi mtu kwa picha tu, anataka kuisikia sauti ya binti.

Shangazi ndiye aliyeitayarisha redio. Mie nilikuwa chumbani nafunzwa la kusema na jirani, kwa sababu maneno yangu mwenyewe hayakuaminiwa. Baba alitoa salamu kama anayelipia kila neno. Kaka alisalimu mpaka watu wasiomhusu. Ndipo nikaitwa, nimejitanda khanga mpaka kwenye nyusi, nikasema, "Shikamoo mama. Mie mzima. Nakuombea afya." Shangazi alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na nilipovuta pumzi niendelee, akakibana. Nikarudi ndani kupika chai.

Kesho yake, nyumba ilipotulia, nilikwenda kwenye rafu kuwatafuta mbwa wangu. Hawapo.

"Shangazi, ile kaseti ya kaswida?"

"Si ndiyo tuliyorekodia? Saa hizi iko juu ya bahari," alisema, na uso wake ulikuwa mzuri kwa furaha. "Upande mmoja tumesema sie, ule wa pili nimewaachia kaswida yao. Nao wapate thawabu, wajue binti katoka nyumba ya dini."

Nilikuwa nimekaa. Nikakaa zaidi.

Nilijifariji kwa mengi. Labda hawatageuza upande wa pili. Labda ndege yao haina haraka. Labda redio ya Maskati inakula kaseti kama ilivyokuwa ya kwetu. Nilifagia uwanja ambao hata majani hayajaanguka. Shangazi akaona bidii hiyo akamwambia jirani kwamba mtoto kaanza kukomaa.

Mshenga alikuja Ijumaa, baada ya swala. Mie nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mahali pangu pa kawaida. Aliomba madirisha yafungwe. Akatoa leso mfukoni, akaifungua, na ndani yake nikauona mwandiko wangu.

"Mzee mwenzangu," alimwambia baba, "mie mjumbe, na mjumbe hauawi. Sikiliza tu."

Akaweka upande wa pili, akabonyeza.

"Njoo hapa, mke wangu," mtungi ukasema, kwa kituo, kwa utamu, "njoo nikunuse shingo. Jiji kubwa hili, nisije nikakupoteza."

"Nusa, bwana wangu," nikajibu mie, yule mie wa udi. "Nusa taratibu. Mie sina haraka."

Mshenga akazima haraka, kama anayefunga bomba.

Nimewahi kuaibika kabla na baada ya siku ile. Nimewahi kuanguka na sinia la pilau kwenye arusi ya watu. Lakini hiyo ni aibu ya mwili, inapona. Hii ilikuwa aibu ya sauti ambayo sikuwahi kumtolea mtu yeyote, sauti niliyokuwa nimemwekea mume ambaye hata sijampata, na mtu wa kwanza kuisikia akawa baba yangu.

"Kule Maskati," mshenga aliendelea, "waliwaalika watu wao. Upande wa kwanza wakasikiliza, wakaitikia salamu, wakashukuru. Wakageuza wa pili, kina mama wamejitanda vizuri, wametulia, wanasubiri kaswida." Akashusha macho, nadhani kwa kuwahurumia kina mama hao. "Mama mtu ana swali moja tu. Huyo mwanamume ni nani, na alikuwa anafanya nini ndani na binti?"

Baba aliitazama redio kama anavyotazama kipuri kisichoingia kwenye baiskeli yoyote.

"Mie nilijua kaswida," shangazi alisema, chini kwa chini. "Wallahi mie nilijua kaswida."

Kaka akasimama. "Sauti nzito vile, si ya fundi hiyo? Anajifanya mpole kumbe! Sasa hivi namfuata uani, tutajuana."

Cherehani ya fundi ilikuwa inasikika, tiki tiki tiki, mtu wa watu anashona zake. Nikatoka nyuma ya pazia.

"Ni mie."

"Ni wewe nini?" kaka aliuliza.

"Mume. Ni mie."

"Wewe ndo mume?"

"Na mke ni mie. Na yule askari anayekuja baadaye, naye ni mie."

"Kuna askari tena?" mshenga aliuliza. Inaelekea hakusikiliza mpaka huko.

Nikaeleza. Nilieleza habari ya robota, ya mzungu, ya kitabu, ya lifti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo. Nilipofika kwenye kugeuka mbwa, shangazi akashika kichwa. "Mbwa! Mbwa ndani ya kaswida!" Baba aliinua mkono, shangazi akanyamaza.

"Sema kama yeye," baba aliniambia.

"Bila mtungi hawezi, baba."

"Basi ulete."

Nikaenda kuuleta, nimeukumbatia kama mtoto wa watu. Nikauweka juu ya mkeka mbele ya wazee, nikapiga magoti, nikainama. Kaka bado kasimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Niseme nini?"

Mshenga alikohoa. "Ili mtu alinganishe," alisema, macho kwenye dari, "itabidi maneno yawe yale yale."

Nikasema. Ikatoka sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye kopo.

"Binti yangu," mshenga alitikisa kichwa, "hii siyo iliyosikika Maskati."

Shangazi akaanza kulia. Kaka akatoa na mguu wa pili nje.

Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema kwamba walisahau waliko. Mie sikusahau. Niliivuta khanga nikajifunika kichwa pamoja na mtungi, kama mtu anayejifukiza, na humo gizani, kwenye harufu ya udongo mbichi, nilijua vizuri kwamba baba yangu yuko hapo, ndala zake karibu ziniguse. Nilijua pia kwamba sauti ile ilitoka siku zote kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa naikusudia. Nikiisema kwa haya itakuwa ya mbu, na fundi atapigwa, na mie nitabaki binti aliyeingiza mwanamume ndani. Ili nionekane sina mume, ilibidi niseme kama ninaye.

"Njoo hapa, mke wangu," nilisema. "Njoo nikunuse shingo. Jiji kubwa hili, nisije nikakupoteza."

Ukumbi ukajaa mwanamume.

Nikainua kichwa kidogo, bado nimo ndani ya khanga, nikajijibu. "Nusa, bwana wangu. Nusa taratibu. Mie sina haraka."

Pale ningenyamaza ingetosha. Lakini kinywa changu kilikuwa kimezoea mwendo wa hadithi, na baada ya maneno yale mwezi hutoka, na mwezi ukitoka wale hulia. Nikarudisha kinywa mtungini, nikalia kama mbwa mwitu, mlio mrefu wa kupanda na kushuka, mpaka pumzi ikaniishia.

Nje, chini ya dirisha lililofungwa, watoto wa mtaa wakanijibu. Wote. Sijui walikuwa wamejibanza pale tangu saa ngapi. Cherehani ya fundi ikanyamaza, ikasubiri, kisha ikaendelea.

Nilipojifunua, kaka alikuwa amerudi ndani, amekaa sakafuni, anacheka hana sauti, anapiga ukuta kwa kiganja. Alipomtazama baba akaacha.

"Ni yeye," mshenga alisema. Alikuwa amesogeza kiti chake. "Kwa haki ya Mungu ni yeye. Nitawaambia nimesikia kwa masikio yangu."

Baba aliuinua mtungi mwenyewe, akaurudisha mahali pake. Aliporudi aliniuliza swali moja.

"Ni mbwa?"

"Mbwa mwitu, baba."

"Mbwa mwitu," akarudia, kama vile hilo limepunguza kitu.

Siku za kusubiri jibu zilikuwa mbaya kuliko zile za mwanzo. Zile za mwanzo nilikuwa naogopa watu watajua. Sasa walikuwa wanajua. Nikitumwa dukani, watoto wananisindikiza kwa milio kuanzia kwetu mpaka kwa muuza mkaa, na muuza mkaa, mtu mzima na ndevu zake, akawa ananiuliza kama mwezi umeshaandama. Nikaacha kwenda dukani. Nilikuwa mtu wa ndani, nikawa mtu wa ndani ya ndani. Kaka akinipita ukumbini alikuwa akiniinamia shingo ananusa, anasema, "Sista, leo umekaanga samaki." Boksi la mzungu nililisukumia chini ya kitanda. Nani alimuua tajiri, mpaka leo sijui.

Bado nilikuwa na matumaini, hilo ndilo linalonichoma zaidi ninapokumbuka. Usiku nilikuwa najiambia kwamba labda yule mwanamume wa kwenye picha naye kasikiliza, labda kwa siri, labda kacheka, labda kapenda. Nilimtungia majibu, kama nilivyomtungia yule wa mtungini. Sikuwa nimejifunza kitu.

Mshenga akarudi. Baba alimkaribisha, wakaulizana hali kwa urefu unaostahili. Mie niko nyuma ya pazia, nimeshika khanga kwa meno.

"Habari ya mwanamume wameridhika," mshenga alisema. "Nimewaapia, na wamekubali kwamba hayupo wala hakuwahi kuwapo. Jina la binti ni safi, na mama mtu anakuomba radhi kwa kumdhania."

"Alhamdulillahi," shangazi alisema.

"Ila." Akatafuta pa kuweka fimbo yake. "Mama mtu anasema mwanawe yuko mmoja tu. Na ndani ya binti yako, kwa alivyosikia, watu ni wengi. Anasema mwanawe hatawaweza."

Shangazi hakulia mara hii, alishusha pumzi tu, ndefu, ya mtu aliyekwisha kufikiria mapishi na sasa anayaondoa kichwani. Nyuma ya pazia niliisikia posa yangu inatoka mlangoni, inavaa viatu vyake, inaondoka.

"Umemaliza?" baba aliuliza.

"Nimemaliza, mzee mwenzangu."

"Basi na wewe nipelekee jibu. Mwambie hao wote nimewazaa mie. Na siwagawi mmoja mmoja."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilipokuja kuwasimulia wapwa zangu maneno yale ya baba, walisema, "Shangazi, babu alikuwa mtu!" Ni kweli alikuwa mtu. Lakini pale nyuma ya pazia nilichokiona ni kwamba baba yangu, ambaye salamu alizitoa kama anayelipia kila neno, alikuwa ametumia maneno yote hayo mbele ya mgeni kwa ajili ya mtungi wangu. Nikaona haya kuliko nilipokuwa nimepiga magoti mkekani. Nilitamani angenigombeza.

"Leta chai!" shangazi akaita.

Nikajitanda, nikachukua sinia, nikapita pazia. Kaka aliangalia chini, anauma midomo. Baba hakuniangalia kabisa, kwa huruma. Nilipoinama kuweka vikombe, mshenga akavuta miguu yake yote miwili chini ya kiti, polepole, kwa adabu.

"Karibu chai, baba," nikamwambia, kwa sauti nyembamba kuliko zote nilizonazo.